Jasi, magadi na chokaa: jinsi kampaundi za kemia zinavyopata majina

Barabara kuu inayotoka Korogwe kwenda Moshi hupita Makanya kabla ya kufika Same mjini. Makanya inajulikana kwa jasi, madini meupe na laini yanayochimbwa na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Mchimbaji anaiita jasi. Fundi wa dari anaiita jipsam. Mwalimu wa kemia anaandika ubaoni kalsiamu salfeti, na mara nyingi chaki aliyoshika mkononi imetengenezwa kwa kitu hicho hicho.

Kwa nini kitu kimoja kiwe na majina matatu? Na kwa nini mwanafunzi alazimishwe kujua hilo la tatu, ambalo sokoni halimsaidii kununua chochote?

Swali hili linawasumbua wanafunzi wengi wa sekondari na wazazi wao. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari na kukuta masomo ya sayansi yakifundishwa kwa Kiingereza. Anapofika kwenye mada ya fomula na majina ya kampaundi, anakutana na maneno yanayofanana sana, yote kwa lugha ambayo bado anajifunza. Wengi huyakariri kama wimbo, na wimbo ukisahaulika kwenye chumba cha mtihani, hakuna kinachobaki.

Katika makala haya tunaeleza kanuni zinazoyatengeneza majina hayo. Mifano tumeichukua kwenye vitu vinavyopatikana au kutumika Same na katika milima ya Upare. Tutaona pia kwamba kujua majina haya si suala la alama za mtihani peke yake. Wakati mwingine ni suala la usalama wa nyumba.

Jina la mtaani na jina la darasani

Tuanze na neno chokaa. Jiwe la chokaa linalovunjwa kokoto tunaliita chokaa. Likichomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi, unga unaobaki tunauita chokaa. Ule unga ukizimwa kwa maji, uji mweupe wa kupaka ukutani nao tunauita chokaa.

Kwa mwanakemia hivyo ni vitu vitatu tofauti. Jiwe ni kalsiamu kaboneti. Unga uliotoka tanuri ni kalsiamu oksaidi. Uji wa kupaka ukutani ni kalsiamu haidroksaidi. Cha kwanza unaweza kukishika siku nzima bila madhara. Cha pili kikigusana na maji huchemka na kutoa joto kali, na kikiingia jichoni kinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Anayesikia neno chokaa tu hajui ameshika kipi.

Neno soda lina hatari kubwa zaidi. Madukani kuna magadi soda, ambayo katika nyumba nyingi hutiwa kwenye chungu cha kande ili mahindi na maharage yalainike haraka. Kuna soda ya mapishi, ile ya unga mweupe inayotiwa kwenye keki. Kisha kuna kostiki soda, inayotumiwa na vikundi vya kutengeneza sabuni. Kwa majina ya darasani, magadi ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu haidrojenikaboneti, soda ya mapishi ni sodiamu haidrojenikaboneti, na kostiki soda ni sodiamu haidroksaidi. Hiyo ya mwisho huunguza ngozi, mdomo na koo. Mtoto akiinywa akidhani ni maji au sukari, anaweza kupata majeraha ya kudumu.

Hapo ndipo tunaona tofauti ya aina mbili za majina. Jina la mtaani hukuambia kitu kinafanya kazi gani, au kinafanana na nini. Jina la kikemia hukuambia ndani yake mna nini. Ndiyo maana mtu aliyemeza kemikali anapokimbizwa hospitali, ni vizuri kubeba na kopo au mfuko wake, bila kumlazimisha kutapika njiani. Daktari hatasaidiwa sana na neno soda. Atasaidiwa na jina lililoandikwa kwenye lebo.

Utaratibu huu ulianzia wapi

Hata Ulaya, wataalamu wa zamani walitumia majina ya mtaani. Kampaundi moja ya madini ya risasi iliitwa sukari ya risasi kwa sababu ni tamu mdomoni, ingawa ni sumu. Tindikali kali ya salfa iliitwa mafuta ya vitrioli, ingawa haina tone la mafuta. Kila karakana ilikuwa na majina yake, na mtu aliyesoma kitabu cha nchi nyingine hakuwa na hakika anaambiwa achanganye nini.

Mwaka 1787, Wafaransa wanne walichapisha mjini Paris utaratibu mpya wa kutaja kemikali. Walikuwa Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy. Wazo lao lilikuwa rahisi: jina la kampaundi litokane na elementi zilizoiunda. Tangu hapo utaratibu huo umerekebishwa mara nyingi, na tangu 1919 kuna umoja wa kimataifa wa wanakemia unaosimamia kanuni zake. Kwa hiyo majina anayofundishwa mwanafunzi wa Same ndiyo yanayofundishwa Mumbai na Tokyo, matamshi tu ndiyo yanayotofautiana.

Alama za elementi nazo zina historia yake. Wanafunzi hushangaa kwa nini alama ya sodiamu ni Na wakati jina halina herufi hizo. Alama hiyo imetokana na neno natrium la Kilatini, lenye asili moja na natron, yaani magadi. Jina la Ziwa Natron, kaskazini mwa nchi yetu, ni neno hilo hilo. Vivyo hivyo, Fe ya chuma imetoka kwenye neno la Kilatini ferrum, na Cu ya shaba kwenye cuprum.

Kanuni ya kwanza: metali mbele, mwisho ni -aidi

Kampaundi iliyoundwa na elementi mbili, metali moja na simetali moja, hutajwa kwa kuanza na metali. Simetali hufuata, ikikatwa mwisho wake na kuwekewa -aidi. Sodiamu na klorini huunda sodiamu kloraidi, yaani chumvi ya mezani. Kalsiamu na oksijeni huunda kalsiamu oksaidi, ile chokaa iliyotoka tanuri.

Ili kuandika fomula, mwanafunzi anahitaji kujua uwezo wa kila elementi wa kuungana na nyingine. Uwezo huo huitwa valensi. Sodiamu ina valensi 1, na klorini 1, kwa hiyo fomula ni NaCl. Magnesiamu ina valensi 2, hivyo inahitaji klorini mbili, na fomula inakuwa MgCl₂. Walimu wengi hufundisha njia ya kubadilishana: valensi ya huyu inakuwa namba ya chini ya yule. Namba mbili zikigawanyika kwa namba moja, zinapunguzwa. Kalsiamu yenye valensi 2 ikiungana na oksijeni yenye valensi 2, tunaandika CaO, si Ca₂O₂.

Angalia jambo moja muhimu. Jina magnesiamu kloraidi halitaji namba mbili popote. Halina haja, kwa sababu anayejua valensi ataipata mwenyewe. Mwanafunzi anayeandika magnesiamu daikloraidi amechanganya kanuni hii na nyingine tutakayoifikia mbele.

Kanuni ya pili: -eti na -aiti zinataja oksijeni

Kuna atomi ambazo hutembea kwa kundi, na kundi zima hufanya kazi kama kitu kimoja. Salfa moja na oksijeni nne huunda kundi la salfeti, SO₄. Kaboni moja na oksijeni tatu huunda kaboneti, CO₃. Naitrojeni moja na oksijeni tatu huunda naitreti, NO₃. Mwisho wa -eti unakuambia kwamba humo ndani mna oksijeni.

Mwisho ukiwa -aiti, oksijeni ipo lakini ni pungufu. Naitreti ina oksijeni tatu, naitraiti ina mbili. Kwenye vitabu vya Kiingereza vya darasani miisho hii mitatu huandikwa -ide, -ate na -ite. Herufi moja au mbili tu ndizo zinazozitenganisha, na hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Kwenye maisha tofauti hiyo ni kubwa. Kalsiamu salfeti ni jasi na chaki, vitu ambavyo watoto huvishika kila siku. Kalsiamu salfaidi haina oksijeni kabisa, na ikikutana na tindikali hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu.

Mfano mwingine uko jikoni. Chumvi yenye madini joto huwekewa kiasi kidogo sana cha kampaundi ya ayodini ili kuzuia ugonjwa wa rovu, ambao kwa miaka mingi umekuwa tatizo katika maeneo mengi ya milimani duniani. Kampaundi inayotumika hapa nchini ni potasiamu ayodeti, KIO₃. Potasiamu ayodaidi, KI, nayo ina ayodini, lakini haivumilii sana unyevunyevu na joto. Mwisho wa jina peke yake unatuambia ni ipi itakayodumu vizuri zaidi kwenye chumvi ya nchi ya joto.

Kundi moja halifuati mtindo huu, nalo ni haidroksaidi, OH. Linaishia na -aidi ingawa lina elementi mbili. Fomula yake ikihitaji makundi mawili, ni lazima kuweka mabano: kalsiamu haidroksaidi ni Ca(OH)₂. Ukiandika CaOH₂ umesema kitu kingine, kwa sababu namba mbili sasa inahesabu haidrojeni peke yake na kuiacha oksijeni.

Maji yaliyofichwa ndani ya jiwe

Turudi Makanya. Jina kamili la jasi ni kalsiamu salfeti daihaidreti. Dai ni mbili, na haidreti ni maji. Fomula yake, CaSO₄·2H₂O, inasema kwamba kila kalsiamu salfeti moja imeshikana na molekuli mbili za maji. Ukikokotoa kwa uzito, kilo 100 za jasi safi zina karibu kilo 21 za maji, ingawa ukilishika jiwe ni kavu kabisa.

Jasi ikipashwa joto la nyuzi 150 hivi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa plasta ya Paris, ile inayofungwa mguu uliovunjika. Ikichanganywa tena na maji, huyarudisha na kuwa ngumu. Viwanda vya saruji navyo huongeza jasi ili saruji isigande ghafla mara inapokutana na maji, fundi apate muda wa kuitandaza.

Kanuni ya tatu: tarakimu za Kirumi

Metali nyingine zina valensi zaidi ya moja. Chuma kinaweza kuwa na 2 au 3. Ukisema chuma oksaidi tu, hujaeleweka. Kwa hiyo valensi huandikwa ndani ya mabano kwa tarakimu za Kirumi, utaratibu uliotokana na mwanakemia Mjerumani Alfred Stock. Chuma(II) oksaidi ni FeO. Chuma(III) oksaidi ni Fe₂O₃, nayo ndiyo inayoupa udongo mwekundu rangi yake, na ndiyo kiini cha kutu kwenye bati.

Tarakimu hiyo haihesabu atomi. Fe₂O₃ ina atomi mbili za chuma, lakini jina lake lina tatu ya Kirumi, kwa kuwa tatu ni valensi.

Upare ni mahali pazuri pa kujifunza somo hili. Muda mrefu kabla ya shule za kikoloni, wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha chuma katika milima hii, na chuma cha Upare kiliuzwa hadi kwa Wachaga. Malighafi yao ilikuwa mchanga mweusi mzito unaokusanywa kwenye vijito. Mchanga huo una madini ya magnetaiti, Fe₃O₄, yenye chuma cha valensi zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana huitwa chuma(II,III) oksaidi.

Kazi ya tanuri ilikuwa kuliondoa neno oksaidi kwenye jina hilo. Mkaa ukichochewa kwa mivukuto hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo huinyang'anya magnetaiti oksijeni yake, yenyewe inakuwa kabonidayoksaidi, na kinachobaki ni chuma.

Shaba nayo huandikwa kwa tarakimu. Mrututu, ule wa buluu ambao mchanganyiko wake na chokaa umetumika kupambana na ukungu kwenye mazao, ni shaba(II) salfeti yenye molekuli tano za maji. Ukipashwa moto, maji yanatoka na rangi ya buluu inageuka nyeupe.

Kanuni ya nne: simetali mbili, hesabu inatajwa

Simetali zinapoungana zenyewe kwa zenyewe, kampaundi tofauti zinaweza kutoka kwenye elementi zile zile mbili. Hapo ndipo hesabu hutajwa ndani ya jina: mono kwa moja, dai kwa mbili, trai kwa tatu, tetra kwa nne.

Mfano unaopaswa kujulikana na kila nyumba ni huu. Kabonidayoksaidi, CO₂, ndiyo hewa tunayotoa tunapopumua. Kaboni monoksaidi, CO, ina oksijeni moja pungufu. Upungufu huo ndio unaoifanya iue. Inashikamana na damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na mtu hupoteza fahamu bila kujua kinachomsibu, kwani haina harufu wala rangi. Hutoka kwenye mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha. Ndiyo gesi iliyomsaidia mhunzi kupata chuma, na ndiyo inayoua familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kwenye vijiji vya juu milimani, ambako usiku huwa na baridi kali, onyo hili ni la kurudiwa kila mwaka: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala.

Majina kwenye mfuko wa mbolea

Mkulima wa tangawizi, mahindi au mboga naye anasoma majina ya kemia, hata kama hakuwahi kuingia maabara. Herufi SA ni kifupi cha amoniamu salfeti kwa Kiingereza. CAN ni mbolea yenye kalsiamu na amoniamu naitreti. DAP ni daiamoniamu fosfeti, na dai mwanzoni inamaanisha makundi mawili ya amoniamu.

Neno amoniamu, NH₄, ndilo la kuangaliwa. Kampaundi yoyote yenye amoniamu ikichanganywa na haidroksaidi, hutoa gesi ya amonia, ile yenye harufu kali inayochoma pua. Gesi hiyo ni naitrojeni iliyolipiwa pesa ikipotea hewani. Kwa hiyo mkulima anayechanganya chokaa iliyozimwa na SA au DAP kwenye ndoo moja anaitupa mbolea yake. Majina yaliyoandikwa kwenye mifuko hiyo miwili yalikuwa yamekwisha kumwonya.

Mwanafunzi afanye nini

Njia ya kwanza ni kuacha kukariri majina mazima na kujifunza vipande vyake. Alama ishirini hivi za elementi, valensi zake, makundi sita au saba ya atomi, na miisho mitatu. Kwa vipande hivyo mtu anaweza kutengeneza mamia ya majina ambayo hakuwahi kuyaona.

Njia ya pili ni kujiuliza swali moja kabla ya kuandika: je, kuna metali humu? Ikiwepo, tumia valensi na usitaje hesabu. Isipokuwepo, taja mono au dai. Na kama metali ni chuma au shaba, usisahau tarakimu ya Kirumi.

Njia ya tatu inamhusu mwalimu na mzazi pia. Kuandika jina kwa Kiingereza hakumzuii mtu kulielewa kwa Kiswahili. Tangu 1990 kuna Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maneno mengi ya somo hili yamo. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kumpa mtoto kopo la chumvi, mfuko wa mbolea au kipande cha jasi na kumwuliza: hapa ndani mna nini, na umejuaje? Mtoto akiweza kumjibu mama yake kwa Kiswahili kwamba mwisho wa -eti unamaanisha oksijeni imo, ameshaielewa kanuni, na kwenye karatasi ya mtihani atabakiwa na kazi ya tahajia tu.